Kitu cha Ulaya Hiki, Bosi

Ukitaka kujua ukoo wenu una wataalamu wangapi, tangaza kwamba unatafuta kompyuta. Shemeji yangu mhasibu alisema ninunue ya mezani, maana ikiharibika unabadilisha kifaa kimoja tu. Binamu yangu, asiyeshika kitu kisicho na nembo ya tofaha, akaapa kwamba tangu Apple watoe chipu ya M1 mwaka 2020, wengine wote wanasindikiza. Nilipoisikia bei nikamwomba anikopeshe; mazungumzo yakaishia hapo. Mpwa wangu yeye alitaka yenye kadi kubwa ya picha, "kwa ajili ya masomo, mjomba." Masomo yenyewe yana bunduki na magari.

Moyo wangu ulikuwa kwenye ya mezani. Kwa hela ileile unapata mashine yenye nguvu zaidi, na sijawahi kuona jirani akipiga hodi kuazima kompyuta ya mezani. Lakini mtaani kwetu umeme huondoka bila kuaga, na ya mezani isiyo na UPS huondoka nao, pamoja na kurasa ulizokuwa hujazihifadhi. Betri ndiyo iliyonipeleka Kariakoo kutafuta laptopu.

Kule swali la kwanza ni bajeti yako. Ukishaitaja, kila kilichomo dukani kinaingia humohumo. Laptopu nyingi ni mitumba iliyostaafu maofisini Ulaya, nyingine bado zina stika ya namba ya mali ya ofisi. "Core i5, ramu nane, SSD. Kitu cha Ulaya hiki, bosi."

Anayekwambia "Core i5" akanyamaza amekupa nusu ya habari. Ya mwaka 2011 na ya mwaka 2017 ni babu na mjukuu wanaoitana somo. Tazama tarakimu inayofuata kistari: i5-2520M ni kizazi cha pili, i5-8250U ni cha nane. Windows 11 kwa kawaida hupokea kuanzia cha nane, na Windows 10 iliachiwa mkono na wenyewe Oktoba 2025. SSD nayo usiifanyie mzaha. Diski ya kuzunguka nisingeipokea hata ya zawadi.

Yangu ilikuwa kizazi cha nane. Nikatikisa bawaba, nikapima chaji, nikalipa. Ikafika nyumbani ndipo ikajitambulisha: kibodi ya Kijerumani. Wajerumani wameweka Z mahali tulipozoea Y, na Y mahali pa Z.

Mpwa wangu, anayechapa bila kutazama, akaingia kwenye mipangilio akaweka ya Kiingereza. Yeye akapona, tukaugua sisi wa vidole viwili tunaotafuta herufi kwa macho: unabonyeza palipoandikwa Z, inatoka Y. Mke wangu akairudisha kama ilivyokuwa. Mpwa akaigeuza tena. Nikanunua stika za herufi. Kitinda mimba akazibandua zote, akazihamishia kwenye friji.

Ijumaa jioni mke wangu, katibu wa kikoba, akatuma tangazo kwenye kundi lao bila kujua ni nani aliyemtangulia kwenye mashine: "Safari za Yanyibar itafanzika Jumapili."

Mweka hazina alijibu papo hapo, akitaka kujua kama huko kunahitajika pasipoti.