Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Ushirikiano na Jamii

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu na taadhima inayowastahiki watu wa elimu, sisi wanawake wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja twaleta shukurani kwa ihsani mliyotufanyia mlipotujia na magari yenu, mkatugawia fulana zenye nembo ya chuo chenu, mkatupiga picha tukiwa tumezivaa, kisha mkatutangaza kuwa washirika wenu katika utafiti ambao madodoso yake yalikuwa yamekwisha pigwa chapa kabla hatujapata habari ya ushirika huo.

Siku mliyoichagua ilitutia mashakani kidogo, kwani ilikuwa ya bamvua, na bamvua ndipo bahari inapokupwa mbali tukapata kuyafikia mashamba yetu. Lakini tuliona ni utovu wa adabu kuuliza ilikuwaje wataalamu wa bahari wasiitazame bahari.

Mlituuliza kwa nini kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, unakufa. Tukawaeleza kwamba tangu kilimo hiki kianze kwa biashara huku Paje na Jambiani mwaka 1989, tumeyashuhudia maji ya kina kifupi yakizidi joto, mwani ukipauka na kukatika vipande, na kwamba wengi wetu tungependa kuzihamishia kamba za mwani kwenye kina kirefu, ila mashua hatuna na kuogelea hatujui. Maneno haya haya yakaja kutufikia baadaye yakiwa ni uvumbuzi, kwa Kiingereza, ndani ya jarida ambalo kulisoma kuna malipo. Majina yetu hayamo. Mwishoni tumeshukuriwa kwa jumla, pamoja na dereva.

Wala hatusemi kwamba ushirikiano wa kweli ni muhali. Huko Bagamoyo, baina ya mwaka 1975 na 1979, mradi wa Jipemoyo, aliokuwamo mtafiti Bi Marja-Liisa Swantz, uliwakalisha watafiti wa Tanzania na Finland pamoja na wakulima na wafugaji, kwa itikadi ya ajabu kwamba mwenye shida ana haki ya kuwamo katika kuichunguza. Bila shaka itikadi hiyo ilikula muda mwingi, na muda, kama mlivyotufahamisha, mfadhili hautoi.

Basi madhali ushirika ni wa pande mbili, nasi tumeazimia kukifanyia utafiti chuo chenu. Tutafika wakati wa mitihani, bila kubisha hodi, tuwaulize maprofesa wanapata kiasi gani kwa mwezi, wanakula milo mingapi kwa siku, na vyoo vyao vimeezekwa kwa nini. Kila mmoja atapewa soda na sambusa, atie saini ya kuipokea. Matokeo tutayaandika kwa Kimakunduchi na kuyafungia katika sanduku la mwenyekiti wetu, naye atamfungulia kila mwenye kulipa. Mkitaka kushukuriwa mwishoni, leteni majina ya madereva.

Iwapo utaratibu huo utawaudhi, na twaona dalili kwamba utawaudhi, iko njia nyepesi. Tuiteni siku ya maji mafu, bahari isipokupwa mbali, kabla dodoso jingine halijapigwa chapa, tuketi tulichague swali pamoja. Watakaolijibu waandikwe majina yao panapoandikwa ya wanazuoni. Na yale mliyokwisha kuyaandika juu yetu, tafadhali tuleteeni kwa Kiswahili.

Sisi washirika wenu,
Wakulima wa Mwani