Ringi Kung'aa, Breki Kukataa

Ringi ya baiskeli ina kazi mbili: kubeba tairi na kuipa breki mahali pa kung'ang'ania. Mjini Kahama kazi ya pili hukumbukwa mbuzi akishakatiza. Wa kulaumiwa ni ardhi yenyewe. Mji ni tambarare, mtu hutoka Nyasubi hadi Malunga bila kugusa breki, akaamini hazina kazi. Bahati mbaya barabara ya Isaka hupitisha malori ya Rwanda na Burundi, nayo hayajapata taarifa ya imani hiyo.

Baiskeli nyingi za huku, Phoenix na jamaa zake, hutumia breki za fito. Mkono ukibanwa, fito huvuta chuma chenye raba mbili, nazo hugandamiza ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama spoku. Hapo ndipo uchafu hujikusanya. Kiangazi ni vumbi. Mvua zikianza ni tope jeusi la mbuga, ambalo hujaa chini ya madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka. Huo ndio wakati pekee ambao breki hufanya kazi bila kubanwa.

Ringi husafishwa kwa maji, sabuni ya unga na mswaki mkuukuu, kisha hufutwa kwa kitambaa kikavu. Mafuta hapana, na hapa ndipo wapenda mng'aro huponzwa. Ringi ya kromu ikipitishiwa oili humeremeta, na Jumamosi jioni mwenyewe husifiwa mtaa mzima. Jumapili asubuhi hubana breki mbele ya kanisa, akalipita kanisa, akapita na duka la pili yake, huku akisalimia watu kwa adabu ili ionekane ndiko alikokuwa akienda. Breki inayopiga kelele nayo hutiwa tone la oili: kelele huisha, breki pia. Dawa yake ni kuosha ringi kwa sabuni tena na tena, kung'oa vijiwe vilivyonasa kwenye raba, na kuzisugua kwa msasa hadi zionyeshe sura mpya.

Hata ikiwa safi, ringi ya chuma iliyolowa haishikiki upesi; raba huteleza kwanza, zikifuta maji. Mvuani breki hubanwa mapema, kidogo kidogo. Wengine huamini zaidi mguu, wakikandamiza tairi la mbele kwa katambuga. Kwa haki, katambuga hukatwa kwenye tairi la gari, kwa hiyo raba yake ni pana kuliko ya kiwandani. Ila mguu ukiingia kwenye spoku baiskeli husimama papo hapo, na mwendeshaji huendelea na safari peke yake.

Ringi iliyopinda hugusa raba upande mmoja tu. Baiskeli hupinduliwa, gurudumu likazungushwa, chaki ikasogezwa karibu. Panapochorwa, spoku za upande wa pili hukazwa robo mzunguko. Baiskeli za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo mwenye haraka ampelekee fundi.

Kifuko cha raba kina mwisho mmoja uliozibwa, nao uelekee kule ringi inakozungukia; ukigeuzwa, raba huchomoka siku ya kwanza ya kuhitajika. Raba zikiisha zibadilishwe mara moja, maana chuma kikianza kukwangua chuma kitakachonunuliwa ni ringi, na ringi ni ghali kuliko raba.