Mwongozo wa Kushusha Faili Kubwa Buhongwa Bila Kugombanisha Nyumba

Mwongozo huu ni wa nyumba yoyote ya Buhongwa, Mwanza, yenye rauta moja, watu saba, na kijana anayeshusha gemu la gigabaiti 60. Saa mbili usiku anabonyeza kitufe. Vyombo havijamaliza kuoshwa, kelele zinatoka kila chumba: mama mdogo aliyeko Muscat amekatika katikati ya salamu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT ametupwa nje ya kipindi cha mtandaoni, luninga inazunguka tu. Mtu ananyanyuka kwenda kuchomoa rauta.

Mzuie. Akiwa baba mkwe, mzuie kwa shikamoo, lakini mzuie.

Kuchomoa rauta kunapendwa kwa sababu kunaonekana kuponya. Taa zinawaka upya, kila kitu kinakimbia kwa dakika chache, nyumba inashangilia. Kilichotokea ni kwamba upakuaji ulisimama. Ukianza tena, kilio kinaanza tena, na sasa hujui lolote zaidi ya ulivyojua mwanzo.

Chukua kompyuta ya Windows, iunganishe na rauta kwa waya, ili waifai isiingie kwenye kesi. Fungua madirisha mawili ya amri. Kwenye la kwanza andika ping -t 192.168.1.1, au anwani iliyobandikwa chini ya rauta yako. Kwenye la pili andika ping -t 8.8.8.8, anwani iliyo nje ya nyumba. Soma milisekunde nyumba ikiwa imetulia, kisha mwambie kijana aanze kushusha. Atafurahi kuombwa.

Rauta ikizimika na kuwaka yenyewe, anza kwa kuushuku umeme. Adapta ya kununua barabarani hutosha kazi ndogo, lakini redio ya rauta ikikazana inataka umeme mwingi zaidi, volti zinashuka, mashine inajianzisha upya. Soma lebo: volti zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Na kama rauta iko juu chini ya bati, ishushe. Joto la mchana halijawahi kuisaidia mashine yoyote. Dirisha la kwanza likipoteza majibu na rauta haijazimika, jaribu waya mwingine, kisha uishuku rauta yenyewe.

Lakini dirisha la kwanza likibaki milisekunde moja, na la pili likapanda kutoka 40 hadi 1,500, umempata mhalifu: mtandao haujakatika, umekwama kwenye foleni. Hapa ndipo naomba tukae kidogo.

Wanaokumbuka kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla daraja halijafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, wanaijua hali hii. Malori yamejipanga, na gari dogo linalowahi msiba Sengerema linasubiri nyuma yao ingawa lenyewe halichukui nafasi. Gemu ni malori; sauti ya mama mdogo ni gari dogo. Swali la kuuliza anwani ya tovuti nalo ni gari dogo, na likichelewa kujibiwa, simu inakuandikia kwamba hakuna intaneti.

Foleni hurefuka kwa sababu vifaa vya njiani vimepewa kumbukumbu kubwa ya kuhifadhi data inayosubiri. Kompyuta inayotuma huongeza kasi mpaka data ipotee; ndiyo ishara yake ya kupunguza. Kumbukumbu kubwa huchelewesha ishara hiyo. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alilipima jambo hili nyumbani kwake akihamisha faili kubwa, akakuta ucheleweshaji unapita sekunde moja. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu inayoangalia data imesubiri muda gani badala ya kuhesabu foleni ina urefu gani. Kutoka hapo zikaja fq_codel na CAKE, ambazo pia huupa kila mtiririko wa data zamu yake.

Kwa hiyo usikimbilie kununua bando la kasi kubwa zaidi. Kasi ikiongezeka, kijana ataijaza nayo.

Ingia kwenye mipangilio ya rauta, tafuta SQM au QoS, weka kikomo cha asilimia 85 hivi ya kasi uliyopima. Pima saa mbili usiku, siyo alfajiri mnara ukiwa hauna watu. Ukibana hapo, foleni inahama kutoka kwa mtoa huduma na kuja kwenye rauta yako, unakoweza kuitawala. Rauta isiyo na kipengele hicho isikukatishe tamaa: Steam ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi, na Windows pia kwa masasisho yake. Usisahau upande wa kupandisha. Simu tatu zinazohifadhi picha za harusi mtandaoni zinatosha kuziba njia ya kutoka, na upakuaji unaosubiri kuthibitisha umepokea nini unazorota nao.

Anayetumia rauta ya laini ya simu ana mtihani wa ziada, kwa sababu miamba ya Mwanza ni mizuri kwa picha na mibaya kwa mawimbi. Tafuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi, kwenye ukurasa wa rauta: karibu na -85 ni nzuri, chini ya -110 ni shida. Hamisha rauta dirisha kwa dirisha, ukisoma namba kila mara. Pale namba inapokuwa bora ndipo pake, hata kama ni chumba cha bibi. Mwombe bibi.

Kuna siku kosa halitakuwa kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki ikahema. Majirani wakilia pamoja nawe bila yeyote kushusha kitu, acha rauta ipumzike.

Namjali huyu mama mdogo wa Muscat. Amejibana baada ya kazi apate dakika ishirini za kusikia nyumbani, na sauti yake inahitaji kasi ndogo tu. Gemu linaweza kushuka saa nane usiku. Yeye saa hiyo anatakiwa awe amelala.

Ukilazimika kupiga simu huduma kwa wateja, usiseme mtandao mbovu. Taja milisekunde za rauta, milisekunde za nje kabla na wakati wa kushusha, RSRP, na saa uliyopima, kisha omba namba ya malalamiko na uiandike.