Sifa za Mtoko Usiotoka

Wengine wausifu Mwenge wa Uhuru, unaokimbizwa nchi nzima na kufika kila halmashauri siku ile ile iliyotangazwa. Mimi, kwa heshima na taadhima, nasimama kuusifu mtoko wa akina mama wa Tarime na Serengeti. Nao una mwenyekiti, katibu na mweka hazina, una rangi ya sare na orodha ya vyakula, na haujawahi kufika popote.

Nianze na sifa ndogo ndogo nizimalize. Mtoko wetu haujamlewesha mtu. Haujamwangusha yeyote kwenye bodaboda. Mvua haiunyeshei, na umeme ukikatika mtoko unaendelea, mradi simu zina chaji. Kwa gharama, mkoa mzima wa Mara hauna starehe nafuu kuliko hii: nauli hakuna, bili hakuna, na umbea wote tumeshapiga.

Lakini sifa yake kuu ni demokrasia, na hapa naomba mnivumilie.

Chukueni suala la mahali. Kundi letu la WhatsApp limetapakaa: wapo wa Tarime mjini, wa Sirari, wa Nyamongo, na wa Mugumu kule Serengeti. Bungeni Dodoma mbunge akizidisha muda anapigiwa kengele. Kwetu kengele hakuna, kuna ujumbe wa sauti wa dakika sita, dakika mbili za mwanzo zikiwa za kumfukuza kuku jikoni. Wa Tarime wakisema tukutane mjini kwa sababu ni katikati, wa Mugumu wanauliza katikati ya nini. Ni swali la haki. Kutoka Mugumu unavuka Mto Mara, unapita Nyamongo, na pale ambapo lami haijafika vumbi linakupaka poda ambayo hukuiomba. Ukishuka Tarime, ile saa uliyokaa saluni imekwenda bure.

Basi twende Mugumu, wakasema wa huko, tena tuingie hata hifadhini. Kundi likachangamka kweli. Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu 1951, iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, watu wanavuka bahari kuja kuiona, na raia analipa kiingilio kwa shilingi, si kwa dola. Wengi wetu simba tumemwona kwenye noti ya elfu mbili. Tembo, wenzetu wa vijijini Serengeti wanamfahamu, kwa kuwa huja mwenyewe shambani usiku, na hadai kiingilio. Tukapiga makofi ya emoji. Halafu mtu akauliza nani ana gari. Kimya kilichofuata kilidumu mpaka kesho yake.

Sirari je? Sirari kuna taa, na malori yapo usiku kucha. Mwenzetu wa pale akaahidi kutuvusha mpaka Isebania tukanywe chai ya Kenya na kurudi. Mmoja akauliza habari za pasipoti, akachekwa wiki nzima: shangazi zako wako upande ule, mwanamke, utawaonyesha pasipoti mlangoni? Nyamongo ilikataliwa haraka. Mji wa dhahabu ule, soda tu wanakuuzia kama imechimbwa.

Tukaja kwenye chakula. Wakurya wakataka mbuzi na kichuri, ule mchuzi wa majani ya tumboni mwake. Mwenzetu Mjaluo wa Rorya akasema yeye hawezi kumalizia majani aliyoanza kuyala mbuzi, aletewe sato. Akajibiwa kwamba mbuzi angalau alionekana alichokula; huyo sato wako huko ziwani alikula nini, una ushahidi? Utani ukaenda hadi saa saba usiku, na sijacheka hivyo tangu mwaka uanze. Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, serikali iligawa kata na mafaili mambo yakaisha. Sisi hadi leo hatujagawa sahani.

Hata kuhesabu wajumbe ni elimu. Ndani ya kundi hakuna anayeitwa jina lake, sote ni mama wa mtu, na kwa kuwa huku kila nyumba ya pili ina Chacha, akina Mama Chacha tumejaa. Ukisikia Mama Chacha amethibitisha kuja, hujui umempata yupi. Ukisikia Mama Chacha amejitoa, hujui umemkosa yupi.

Na sare! Hakuna mtoko bila sare. Kitenge kilichaguliwa, kikakataliwa, kikachaguliwa kile kile, kikashonwa. Tangu hapo kimekwenda misibani, kimekwenda kwenye ubarikio, kimeandamana Machi 8 Siku ya Wanawake mbele ya mgeni rasmi. Sare yetu imetembea kuliko sisi.

Si kila kiumbe cha wilaya zetu kimebarikiwa utaratibu kama huu. Huko Kogatende, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu kwa malaki wanavuka Mto Mara bila katibu, bila mchango, mamba wakiwasubiri majini. Hawajali. Anatangulia mmoja, wengine wanafuata. Hakuna nyumbu aliyesimama ukingoni akaandika: ngoja kwanza nimuulize baba watoto.

Hapo sauti ya kusifu inanikauka, mniwie radhi. Kwani ukilisoma kundi kwa utulivu utaona kwamba mahali, sahani na sare ni hoja za kuvutia muda. Hoja yenyewe ni hiyo moja, na kila mtu anaijua. Wanaoiandika ni wanawake wanaofanya biashara mpakani na kujua bei ya shilingi ya Kenya kabla ya benki kufungua. Ni walimu, ni wakulima wa kahawa, na mmoja ni nesi wa zamu za usiku. Huyo anaruhusiwa kukesha nje ya nyumba akitibu watu. Kuchelewa akicheka, haruhusiwi.

Mtoko wa baba mimi ninaujua kwa kuutazama. Saa kumi na mbili na nusu anasukuma kikombe, anavaa koti, anapapasa mfuko. "Natoka kidogo." Wapi? "Hapo tu." Basi, kikao kimefungwa. Na hapo tu ya Tarime ina mapana yake: yaweza kuwa kwa jirani, yaweza kuwa Sirari, yaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Mama akisema anatoka, anapewa mtihani. Na nani? Kufanya nini? Mnarudi saa ngapi? Umeacha nini jikoni? Ng'ombe amekamuliwa? Mkwe wako anajua? Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri ya Muungano, hata kutoka nje ya nchi. Nimeitafuta ile sehemu inayosema isipokuwa akina mama Jumamosi jioni, sijaiona. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Wapo wenzetu waliojitoa kwenye orodha bila kueleza sababu. Hatukuwauliza.

Turudi kwenye sifa. Siwezi kusema hakuna kilichotoka. Mweka hazina alipobanwa atoe hesabu, ilibainika kwamba pesa ya mtoko, kwa desturi ya kikoba, ilikuwa imekopeshwa kwa riba ili isilale. Aliyekopa ni mwenzetu, kwa ajili ya mumewe, ambaye alikuwa na shida ya haraka. Shida hiyo ilikuwa Simba na Yanga. Kwa hiyo michango yetu ilitoka, tena Sirari, ikala nyama choma, ikakaa mpaka refa akapuliza kipenga, na ikarudi usiku wa manane bila kuulizwa ilikuwa na nani.

Katika kundi zima yuko mmoja tu ambaye siku zote huandika "Nakuja" bila kuongeza neno. Ni mama mtu mzima, mwenye nyumba ntobhu. Kwa msio wa huku: Mkurya mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Kwake hakuna baba watoto wa kuulizwa. Mwenye ng'ombe ni yeye, mwenye mji ni yeye, na sisi wengine tulimwonea wivu waziwazi, tukimwita mwenyekiti wa kudumu wa uhuru.

Juzi mmoja wetu akamwandikia: "Mama, safari hii uje na mkeo, naye mtoto wa watu apate hewa."

Tukaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Huyo akitoka, watoto atabaki nao nani? Na mnakwenda kufanya nini huko hadi usiku?"

Hakuna aliyetuma hata kicheko. Katibu wetu, mwanamke mwenye busara zake, akaleta haraka hoja mpya mezani: vilemba vya kuvalia sare viwe vya dhahabu au vyekundu? Mpaka naandika haya dhahabu inaongoza, ila kuna Mama Chacha mmoja hajapiga kura, na hatujui ni yupi.