Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Mheshimiwa Mfumo wa Machaguo ya Tahasusi,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA KUWACHAGULIA WATOTO WETU MAISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta uko juu, maana kila tukikuulizia tunaambiwa uko chini.

Pongezi kwa ukarimu wa mwaka 2024. Sisi wa zamani tulikuwa na tahasusi za kidato cha tano za kuhesabu: anayejua hesabu PCM, anayejua kukariri HKL, mwenye ndoto za mama yake PCB. Wewe ukatutoa kwenye 16 ukatufikisha 65. Zimo za michezo, za sanaa, za masomo ya dini, hata Kichina kimo. Umejenga nyumba ya vyumba 65, ukasahau mwenyeji wa kumwonyesha mgeni mlango.

Usihofu, pengo tumeliziba. Mshauri wa taaluma wa taifa hili ni kijana wa steshenari. Ofisi yake ina mashine ya kopi, feni na foleni. Binti aliyemaliza kidato cha nne anamtajia namba ya mtihani. Kijana, jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye kopi za kitambulisho cha mteja mwingine, anauliza:

"Fizikia ulipata ngapi, dada?"

"D."

"Achana nayo. Tunaweka CBG, haina mambo mengi."

Anabofya, anatuma, anapokea buku mbili. Tusimbeze: huyo ndiye mtu wa kwanza kumuuliza binti swali lolote.

Mwalimu wa unasihi? Yupo. Ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu, tena ana vipindi vya hesabu madarasa yote. Mwanafunzi akibisha hodi ofisini kuulizia fani, kwanza anaulizwa amefanya kosa gani.

Nyumbani kuna Kamati Kuu ya Ukoo, mwenyekiti wake mjomba. Mtoto anayefungua redio mbovu na kuirudisha ikiimba anaambiwa VETA ni ya waliofeli. Yeye atakuwa daktari. Kamati hiyo hiyo, bomba likipasuka usiku, humpigia fundi simu na kumwita "injinia" ili asipandishe bei.

Kwa unyenyekevu, tunaomba yafuatayo:

Mosi, mtoto aanze kuulizwa anapenda nini na anaweza nini tangu kidato cha pili. Kumngoja hadi matokeo yatoke Januari, kisha umfungulie dirisha la kubadili machaguo, ni kumwomba aamue maisha kwa hofu ya dirisha kufungwa.

Pili, kila tahasusi iandikwe inakompeleka mtu: kozi zipi, kazi zipi, na shule zipi zina mwalimu wake. Kumwambia mtoto achague muziki ilhali shule za kwao hazina hata filimbi ni utani, na sisi si watani wako.

Tatu, kila shule ipewe mnasihi mmoja asiyeshika fimbo.

Yote matatu yakikushinda, basi umwajiri rasmi kijana wa steshenari. Kazi ameshaizoea, na buku mbili zake ni pungufu ya posho ya semina yoyote ya kujadili tatizo hili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi.

Nakala:
Mjomba (kwa taarifa).
Kijana wa steshenari (atajitolea kopi mwenyewe).