Gauni Lililokataa Bibi Harusi Akae

Nyumba yetu ya Ng'ambo, Unguja, ina mafundi wawili ambao wakiwa kazini hawaelewani. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, mshonaji wa kofia za viua, ambaye akishika sindano hata chai humpolea pembeni. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Anasomea umeme chuoni Dar es Salaam, na kila akija likizo huondoka ameacha kitu wazi: redio, pasi, feni ya ukumbini. Mama mkwe husema kijana huyu akifungua kitu hukifungua kweli kweli. Kukifunga ndiyo kazi ya watu wengine.

Likizo iliyoleta balaa ilikuwa ya harusi ya wifi. Sare zilishanunuliwa, maneno ya sare yalishakwisha (na nani asiyejua maneno ya sare yalivyo?), tukadhani sasa tutapumua. Wifi akaja na simu mkononi. Ameona gauni la bibi harusi mmoja, mkia wote umejaa vitaa vinavyowaka. Naye anataka nyota kwenye mkia wa gauni lake. Akamgeukia kaka yake.

"Hiyo ndogo," akasema shemeji.

Alianza na alichokizoea: waya wa shaba, solda, taa za LED nyekundu na bluu. Kila kiungo akakichoma vizuri, kikang'aa. Gauni likiwa mezani liliwaka. Wifi akalivaa, akatembea kutoka chumbani mpaka barazani, na nyota zikaanza kuzimika kwa mafungu. Sababu ni nyepesi ukishaelezwa: kiungo cha solda ni kigumu na kitambaa ni laini, kwa hiyo kila nguo inapokunjika, mkunjo wote unahamia pale ugumu unapoishia, na nyuzinyuzi za shaba zinakatika papo hapo, mmoja baada ya mwingine. Ncha moja iliyokatika ikamchoma wifi kwenye shavu la mguu. Akapiga yowe.

"Umemvalisha dada yako seng'enge," mama mkwe akasema kutoka kwenye mkeka wake, bila kuinua macho.

Shemeji hakukata tamaa. Usiku, kwenye chakula, alitusomesha. Mambo haya si mapya, akasema. Mwaka 1883 huko New York, Alice Vanderbilt alikwenda kwenye dansi la mavazi ya kuigiza akiwa amejivika kuwa umeme wenyewe: gauni la nyumba ya Worth ya Paris, limetariziwa nyuzi za dhahabu na fedha, na mkononi ameinua taa. Gauni hilo lipo mpaka leo, limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la mji huo.

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. "Huyo bibi alikaa, au alisimama usiku mzima?"

Shemeji hakuwa na jibu. Swali lile angelitia maanani mapema, tungeokoa fedha nyingi.

Fedha yenyewe ilikwenda kwenye uzi. Kwa watu wa kazi hizi ziko nyuzi zinazopitisha umeme. Ule alioagiza nje ulikuwa wa nailoni iliyopakwa fedha: wa kijivu, laini mkononi, na ukiuvuta kwenye tundu la sindano unaacha vinyweleo. Pamoja nao kikaja kibao cha duara cha rangi ya zambarau kiitwacho LilyPad, ambacho mhandisi Leah Buechley alikibuni akiwa Chuo Kikuu cha Colorado, na kikaanza kuuzwa mwaka 2007. Ni kompyuta ndogo, upana wake sentimita 5, imezungukwa na matundu pembeni ili ishonwe kwenye nguo kwa sindano. Mama mkwe alikigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu yale, akakirudisha. "Aliyetengeneza hiki anashona," akasema. Ni kweli, anashona. Hilo ndilo neno la kwanza jema alilowahi kulitoa mama mkwe kuhusu kitu kilichotoka kwenye begi la mwanawe.

Shemeji akashona nyota upya kwa uzi wa fedha, mshono wa kupiga bandi, mrefu, wa mtu mwenye haraka. Akawasha. Nyekundu zikawaka, bluu zote giza. Akageuza betri, akageuza taa, akagombana na wifi, mwishowe akakumbuka alichosomeshwa: taa nyekundu inatosheka na volti kama 2, bluu inataka karibu 3. Ukizifunga pamoja kwenye betri moja dhaifu, nyekundu zinavuta umeme wote na kuishusha betri, bluu hazifikishiwi kiwango chao. Uamuzi ukatoka jikoni: nyeupe tupu, basi.

Hapo likaja suala la betri, na hili silichukulii mzaha hata leo. Zilikuwa zile bapa, CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake tu: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nyumba yetu ina mtoto anayetambaa na asiyebagua cha kutia kinywani. Betri ya namna hii ikikwama kooni mwa mtoto huanza kuchoma nyama ya koo kwa umeme wake, na saa 2 zinatosha kuleta jeraha la kutisha. Ukishuku tu mtoto ameimeza, ni hospitali moja kwa moja, hapana kusubiri aitoe. Nilimwambia shemeji azihesabu jioni na asubuhi. Asubuhi moja akahesabu, na moja haipo.

Tulipindua nyumba. Mikeka ikakunjuliwa, godoro likasimamishwa ukutani, mtoto akafunguliwa mdomo huku akipiga kelele, mume wangu keshashika ufunguo wa gari la jirani. Tulikuwa mlangoni na mtoto begani mama mkwe alipoita. Alikuwa amemwaga kopo lake la biskuti, lile la vifungo, na katikati ya vifungo vya kanzu na vya koti ilikuwepo betri, imelala kwa amani. Mtu aliiokota sakafuni, akaiona kifungo, akaitia na wenzake. Hakuna aliyekiri. Tangu siku hiyo betri zililala ndani ya kabati la mama mkwe, na ufunguo ukalala kwenye kanga yake.

Basi gauni likavaliwa tena. Nyota nyeupe zinawaka, mkia unapendeza, wifi anazunguka, vigelegele. Akakaa kwenye kiti ajipumzishe. Giza. Akasimama, zikawaka. Akakaa, zikazimika. Shangazi, aliyekuja kutazama tu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ilikuwa shoti. Mstari wa chanya na mstari wa hasi ilipita sambamba, na nyuzi zote mbili ziko uchi, kwa kuwa uzi huu hauna ngozi ya plastiki kama waya. Wifi akikaa gauni linajikunja, mistari inabusiana, umeme unapita njia ya mkato na betri inapata moto. Na mafundo! Shemeji aliacha mikia mirefu ya uzi chini ya kila fundo. Nayo ilikuwa inagusana ovyo kila upepo ukipita. Bibi harusi wa kwetu kazi yake kubwa siku ile ni kukaa jukwaani atazamwe. Tulikuwa na gauni la bibi harusi asiyekaa.

Siku zilizofuata shemeji alizunguka nyumba nzima na mita yake ya fundi, ile inayolia umeme ukipita, akiigusisha kila kinachong'aa. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye joho la marehemu baba mkwe. Aliweka ncha moja kwenye zari ya kosi, nyingine kifuani. Mita ikalia.

Sote tulisikia. Joho la watu, lililovaliwa Idi na harusi kwa vizazi, linapitisha umeme. Si muujiza: zari ya zamani ni utepe mwembamba wa fedha iliyotiwa dhahabu, umezungushwa juu ya uzi wa hariri. Zari nyingi za siku hizi ni plastiki ya kung'aa, mita haina habari nazo. Shemeji akaanza kuruka. Kumbe, akasema, Rehmi Post na Maggie Orth wa MIT, Marekani, waliandika habari hii mwaka 1997: walitumia kitambaa cha hariri kutoka India ambacho baadhi ya nyuzi zake zimezungushiwa utepe mwembamba wa shaba. Zamani kile kilikuwa kitambaa cha mapambo, wao wakakitazama wakaona nyaya zimeshatandikwa. Na wifi, kwa bahati mbaya, akasema kwa sauti alichokuwa anakiwaza: kwa nini wasichukue zari ya joho?

Sitaandika yote yaliyosemwa. Mume wangu alitoka nje. Wifi alilia kwamba hapendwi. Shangazi alisema marehemu mwenyewe angempa binti yake, mama mkwe akamwuliza shangazi ni lini alizungumza na marehemu. Joho likafungwa kabatini pamoja na betri.

Lakini usiku nilipoamka kwenda kunywa maji nikamkuta mama mkwe amelitoa, amelitandaza miguuni, anatazama upande wa ndani kwa tochi ya simu. Asubuhi akamwita mwanawe. "Baba, njoo ukae hapa. Tazama. Zari haipenyezwi nguoni." Na ni kweli: inalazwa juu ya kitambaa, inashikiliwa na uzi mwembamba wa pamba, kishono hapa, kishono pale. Haisuguliwi na tundu la sindano, haitoi vinyweleo, na nguo ikikunjika zari inacheza kidogo ndani ya vishono vyake, haikatiki.

Kuanzia hapo fundi akawa mmoja na mwingine akawa mwanafunzi. Mstari wa chanya ulilazwa kwenye kitambaa cha juu, wa hasi kwenye bitana, na katikati yao mama mkwe akatia kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, kutoka kiunoni mpaka mwisho wa mkia. Likunjike litakavyo, mistari haiwezi kukutana. Shemeji akapewa koleo: mguu mrefu wa taa, ulio chanya, aupinde duara, mfupi, ulio hasi, aupinde pembe nne, ili jicho lisikosee hata mwanga ukiwa mdogo. Kila kitanzi mama mkwe akakizungushia uzi wa fedha kama anavyozungushia tundu la kiua cha kofia, raundi juu ya raundi, umekazwa mpaka chuma na uzi vikawa kitu kimoja. Nilikaa karibu nikimwangalia. Anavuta, anabana kwa ukucha wa kidole gumba, ndipo anavuta tena. Hakuna uzi unaolegea chini ya ukucha ule. Mafundo yakakatwa mafupi na kutiwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, ya wifi, aliyeitoa kwa shingo upande.

Kibao cha zambarau kiliondolewa. Shemeji alikitetea: bila hicho nyota hazitapepesa. "Ziwake kwanza," akajibiwa. Nyota nazo zikapunguzwa, kwa sababu uzi wa fedha si shaba, kila unavyokwenda mbali ukinzani unaongezeka, na zile za mwisho zilikuwa zinafifia. Mimi nasema hapo ndipo gauni lilipopendeza. Wifi akajaribishwa: akaa, piga magoti, kaa upande, inuka. Zikawaka muda wote.

Harusi ikafika, wifi akapanda jukwaani, akakaa. Mpiga video akawasha taa yake, ile ya kuumiza macho. Hakuna aliyeona nyota hata moja. Shemeji akamfuata mpiga video, akamwomba aizime kidogo tu. Yule bwana akamwambia amelipwa kupiga picha, hakulipwa kupiga giza. Waliokula uhondo ni watoto waliojipenyeza nyuma ya jukwaa, ulikoangukia mkia. Na sasa kila mgeni akija kuonyeshwa video, shemeji husimamisha picha na kugusa kioo: "Hapa ilikuwepo moja. Na hapa."

Ningependa kusema gauni limetundikwa salama. Shangazi aliliazima. Bintiye alilivaa kwenye sherehe, likaingia jasho, kisha shangazi akaliloweka usiku kucha kwa sabuni na dawa ya madoa, akalikamua kwa mikono miwili, akalianika juani. Betri, alhamdulillahi, ilitolewa. Kampuni kubwa nazo zimehangaika na ufuaji: koti la Levi's na Google la mwaka 2017, lililouzwa dola 350, lilikuwa na kidude cha kielektroniki unachokichomoa mkononi kabla ya kulifua, na mwaka 2023 programu yake ikafungwa, koti likabaki koti. La kwetu lilirudi na uzi mweusi. Vishono vyote vipo, hata kimoja hakijafumuka, ila fedha imeliwa. Nyota za kiunoni zinawaka, mkia wote giza.

Shangazi anasema alipewa gauni bovu. Mama mkwe anasema uzi wa chuma cha pua haupati kutu wala weusi, na ameshagundua kwamba cherehani inaukubali ukiutia kwenye bobini chini, si juu kwenye sindano. Lakini mwenye kutaka alete uzi wake na aje akae amsaidie kutunga. Shangazi amekubali, kwa sharti moja. Dera lake liwe na nyota nyekundu na bluu pamoja. Alimpigia shemeji simu amwambie mwenyewe, na shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumweleza habari za volti mama mkwe alipoichukua ile simu mkononi mwa shangazi na kuikata.