Dhahabu ya Kuchovya

Shangazi yangu wa Tanga aliposikia nimenunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini, alitangazia ukoo mzima kwamba mambo yangu Uingereza yamenyooka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mashamba ya huku Kent hayajanipa dhahabu. Yananipa vifungo.

Kazi yenyewe ni hii: unaomba ruhusa kwa mwenye shamba, unavaa vipokea sauti masikioni, unatembea ukipepea mashine kama mtu anayefagia hewa. Ikilia, unapiga magoti topeni, unachambua udongo kwa vidole vilivyokufa ganzi, kisha unainua juu, kwa fahari, kizibo cha soda. Siku ya heri unainua kifungo.

Kifungo changu cha kwanza cha jeshi kilinipandisha wazimu. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapanga vita nzima kichwani, farasi wanaanguka, mabomu yanalia, shujaa mmoja anakata roho chini ya mwaloni huku kifungo kikimdondoka. Jirani yangu, mzee aliyeniambukiza ugonjwa huu, akaiua vita yangu kwa neno moja: mbolea. Zamani, kumbe, matambara ya sufu kutoka viwandani na mijini yalikatwakatwa na kumwagwa mashambani, hasa kwenye mashamba ya hops, ule mmea wa kutilia bia. Sufu ilioza polepole ikalisha mimea, vifungo vikabaki. Shujaa wangu huenda hakufika Kent kamwe. Lilifika koti lake, tena vipande.

Mzee ndiye aliyenifundisha kusoma kifungo. Kwanza taji. Lile la enzi ya Malkia Victoria lilikoma naye mwaka 1901; kuanzia hapo hadi 1952 matao ya taji yanapanda juu yakiwa ya duara; kuanzia 1953 hadi 2022 yalibonyea katikati, kana kwamba mtu amelikalia. Kisha namba. Vifungo vya jeshi la Uingereza vilianza kubeba namba za vikosi kwenye miaka ya 1760, na mageuzi ya 1881 yakaziondoa, vikosi vya miguu vikaitwa kwa majina ya majimbo. Kwa hiyo askari mwenye namba kifuani ni mkongwe. "Sasa kigeuze," husema mzee, na hapo ndipo ninapompenda, kwa sababu watu wote hutazama uso wa kifungo, ilhali ukweli umeandikwa mgongoni: jina la mtengenezaji, pengine na mtaa wake. Firmin wa London walihama mtaa hadi mtaa, na kila anwani ina miaka yake. Ukiijua anwani, umeshakijua kifungo.

Tatizo ni kwamba lazima kioshwe, kikaushwe, na nyumba yetu ina dirisha moja tu lenye jua: la jikoni. Hapo niliacha kifungo chenye nanga, kizima, na kijipete chake cha kushonea bado kipo, jambo adimu kwa kitu kilichopitiwa na majembe ya trekta. Nanga ni ya jeshi la majini, na taji juu yake liliongezwa mwaka 1812. Changu hakikuwa na taji. Niliporudi kutoka kazini dirisha lilikuwa tupu. Mke wangu, mwanamke asiyependa kitu kikae bure, alikuwa amekishona kwenye koti la shule la mwanetu, mahali palipopungua kimoja. Nilimngoja kijana langoni nikamvua koti palepale, kwenye baridi, mbele ya walimu. Mwalimu mmoja alinitazama kwa namna ambayo hadi leo hunifanya nipitie mlango wa nyuma.

Siku chache baadaye shangazi akapiga simu.

"Dhahabu umepata, baba?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeokota kifungo bapa, na mgongoni kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba kimechovywa dhahabu mara tatu. Nikamweleza kwamba Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1796 kuwabana watengenezaji matapeli: vifungo 144 vya upana wa inchi moja vipate angalau theluthi ya gramu ya dhahabu, la sivyo visiitwe vya kuchovywa dhahabu.

"Kwa hiyo hicho chako kina kiasi gani?"

Nikakokotoa. Kwa kipimo cha sheria, miligramu mbili na ushee. Tukiyaamini majigambo ya mgongoni na kuzidisha mara tatu, bado haifiki saba. Na hiyo ni kabla ya miaka mia mbili ya jembe na mvua.

Alinyamaza, nikajua anapiga hesabu.

"Na koti moja," akauliza, "lina vifungo vingapi?"